Tani Tano Juu ya Udongo Mweusi

Jumapili jioni, Muhuru Bay. Mawingu mazito upande wa ziwa, upepo una baridi, na mimi tangu nimalize chai siwezi kutulia kwenye hiki kiti. Naandika sentensi moja, naenda dirishani. Narudi, naandika nyingine, naenda tena. Anayenisoma leo anivumilie.

Kutoka dirisha hili naiona shule yetu, na pembeni ya shule naliona tangi.

Ni tangi jeusi la plastiki, la lita elfu tano, limewekwa juu ya stendi ya chuma yenye miguu minne, mirefu kunishinda. Liko karibu kabisa na darasa la Gredi ya Nne. Kesho ndiyo siku ya kulizindua. Wazazi wanakuja, hema lilikuwa lipigwe hapo hapo chini yake, watoto waimbe, kisha Hedi, mwalimu wetu mkuu, afungue mfereji watu wapige makofi. Hiyo ndiyo mipango iliyokuwepo mpaka leo mchana, kabla sijaivuruga.

Wacha nianze mwanzo, labda moyo utapoa.

Nafundisha sayansi hapa, junior school. Mimi ni Mkuria wa Isebania. Kidholuo changu ni cha kusalimia na kununua samaki tu, kwa hiyo naongea Kiswahili na kila mtu, nao wananiita nyar Kuria, binti wa Wakuria, siku nyingine kwa upendo na siku nyingine kwa sababu nimewaudhi. Nilipofika, shule haikuwa na maji. Ziwa lote lile mbele ya macho yetu, na shule haina maji! Wasichana wa Gredi ya Saba walikuwa wakitumwa ziwani na mitungi kila asubuhi, wanarudi wamelowa hadi magotini, somo la kwanza limekwisha. Tumbo likimwendesha mtoto hatukuulizana sababu.

Akina mama wanaoanika omena, vile visamaki vya ziwani, ndio waliochoka kwanza. Kila mmoja akatoa gorogoro zake, yale makopo ya kupimia, zimejaa omena kavu, zikamiminwa kwenye magunia, zikauzwa Isebania, tangi likanunuliwa. Kwa hiyo lile si tangi la serikali wala la mfadhili. Ukiligusa umegusa jasho la mtu, na mtu mwenyewe utakutana naye sokoni kesho asubuhi.

Na aliyesema liinuliwe juu ni mimi, kwa kimbelembele changu. Nilichukua chupa ya plastiki, nikaitoboa matundu matatu, la juu, la kati na la chini, nikaijaza maji mbele ya kamati ya wazazi. Maji ya tundu la juu yalidondoka tu kando ya chupa. Ya chini yaliruka mpaka yakamlowesha mwenyekiti suruali. Walicheka sana, ila walielewa: maji yaliyo chini yanabebeshwa uzito wa maji yote yaliyo juu yake, ndiyo maana yanasukuma kwa nguvu zaidi. Tangi likikaa juu, maji yatafika jikoni na kwenye vyoo vya wasichana bila mtu kubeba ndoo. Wakakubali.

Stendi ilijengwa na Fundi Okello. Okello ni fundi hodari, simsemi vibaya. Meza za kuanikia omena pale ufuoni, vibanda, hata gati dogo la mbao la kushushia samaki, yote ni kazi ya mikono yake, na sijaona hata kimoja kimelala upande. Lakini ufuoni kuna mchanga na changarawe. Shule iko huku juu, kwenye udongo mweusi, na alijenga mwezi wa pili, jua likiwa kali ajabu. Anayeujua udongo huu anajua tabia yake. Kiangazi unapasuka nyufa za kuingia mguu wa mtoto, na unakuwa mgumu hivi kwamba jembe linaruka. Jembe la Okello liliruka. Akajifuta jasho akasema huu ni mwamba, simiti ya nini? Miguu ikatiwa kwenye vishimo vifupi, udongo ukashindiliwa, na simiti iliyonunuliwa ikaenda kupiga plasta jikoni. Kila mtu alifurahi, maana jiko lilikuwa linavuja upepo.

Halafu mvua ikaja.

Ijumaa nilikuwa nafundisha shinikizo. Nalipenda somo hili kuliko yote kwa sababu halihitaji maabara, na maabara hatuna. Niliwaambia watoto wasukume kiganja kwa kidole, kisha wasukume polepole kwa ncha ya penseli, kwa nguvu ileile. Ai! Kelele! Kani ni moja, nikawaambia, kani ni huko kusukuma au kuvuta. Shinikizo ni jinsi kani hiyo inavyogawanywa kwenye eneo inapoegemea. Eneo likiwa dogo, shinikizo ni kubwa. Nikawauliza kwa nini mama anaviringisha kitambaa akaweka ngata kichwani kabla ya kujitwisha karai la omena. Karai halijapungua hata samaki mmoja, lakini uzito umetandazwa, kichwa hakiumii. Kwa huo mfano niliona macho yao yakifunguka.

Kisha tukatoka nje na stuli. Awuor, msichana wa Gredi ya Nane anayejitolea kwa kila jambo hata kabla hajajua ni jambo gani, akakaa juu ya stuli kwenye udongo uliolowa. Nilitaka waone miguu ikizama. Baadaye tungeweka ubao chini ya miguu, waone haizami tena. Hiyo ndiyo iliyokuwa plani ya somo.

Lakini stuli haikuzama sawasawa. Mguu mmoja ulitangulia. Ulipotangulia kidogo tu, uzito wa Awuor ukahamia upande huo, mguu ukabebeshwa zaidi, ukazama zaidi, na kufumba na kufumbua Awuor alikuwa ubavu chini kwenye tope. Darasa zima likaangua kicheko, yeye mwenyewe akicheka kuliko wote. Mimi pia nilicheka. Nikainua macho, na nyuma yao nikaliona tangi kwenye miguu yake minne.

Kicheko kilinikauka mdomoni.

Lita moja ya maji ni kilo moja. Lita elfu tano ni tani tano. Tani tano juu ya miguu minne, kila mguu upana wake ni kama mdomo wa kikombe cha chai. Mwezi wa pili tangi lilikuwa tupu na ardhi ilikuwa jiwe. Sasa tangi limejaa pomoni maji ya mvua kutoka paani, na ardhi imekuwa uji. Nimewafundisha watoto hesabu hii kwa miaka, kani kugawanywa kwa eneo, na sikuwahi kuihesabia tangi letu.

Watoto walipoenda nyumbani nilipiga alama ya chaki kwenye kila mguu, pale unapokutana na udongo. Jumamosi asubuhi nilikwenda nikakuta alama tatu. Ya nne, ya mguu wa upande wa darasa la Gredi ya Nne, ilikuwa imemezwa.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Hedi. Nilimkuta anapiga pasi koti lake la Jumatatu. Hedi si mtu mbaya. Ni mtu aliyeomba maji ya shule hii kwenye kila ofisi mpaka askari wa mlangoni wakawa wanamfukuza kwa jina lake. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu, una uhakika itaanguka?"

"Hapana, sina."

"Sasa?"

"Sina uhakika kwamba halitaanguka."

"Hiyo si jibu, Mwalimu Boke. Mimi nitawaambia wazazi nini? Kwamba tulimwaga maji yao kwa sababu ya stuli?"

Ningesema nina uhakika, mambo yangekwisha pale. Neno moja tu. Lakini ni uongo, na mimi ndiye ninayewakatia watoto alama wakiandika jibu wasilolijua. Nikarudia kwamba sina uhakika. Akanipa soda, akaniambia nipumzike, kazi ni nyingi muhula huu. Nilitamani kummwagia hiyo soda kwenye koti.

Okello kwenye simu alicheka mpaka akakohoa. "Madam, mimi nimejenga tangu wewe unanyonya. Hiyo chini ni ngumu, jembe ilikuwa inaruka!" Nikamwambia jembe lisingeruka leo, lingezama mpaka mpini. Akasema yuko Uriri kwenye kazi nyingine, atapita katikati ya wiki aangalie. Katikati ya wiki! Na uzinduzi ni Jumatatu, na watoto watakuwa wamekaa pale chini wakiimba.

Sikulala vizuri. Leo ibada ilipoisha sikuenda hata kula. Nilikwenda shuleni, nikaangalia. Ule mguu ulikuwa umeshuka tena. Nilijaza chupa maji nusu nikailaza juu ya chuma cha mlalo kinachounganisha miguu ya stendi, nione maji yanaegemea upande gani. Yaliegemea kwa watoto.

Ufunguo wa mfereji anao Mama Akoth, mpishi wa shule. Mfereji una kufuli, maana maji hapa ni mali, na Mama Akoth anautembeza ule ufunguo shingoni kama rozari. Nilimkuta kwake anasonga ugali. Nikamweleza yote kwa pumzi moja, mvua inarudi jioni, tangi lipunguzwe leo, bomba linaloleta maji kutoka paani ligeuzwe pembeni, kila mguu uje uwekewe msingi wa simiti mpana kama meza, ndipo lijazwe tena.

"Yawa! Nimwage maji?" Aliuacha mwiko ndani ya sufuria. "Nyar Kuria, umelogwa? Mimi nimebeba maji ya hii shule na hii kichwa mpaka nywele ya katikati ikakataa kumea. Angalia!" Akavua kitambaa akaniinamishia utosi. Ni kweli, pale katikati hapana kitu.

Alinifuata hata hivyo. Alilizunguka tangi taratibu, mikono kiunoni. Akasema yeye haoni kitu, anaona tangi tu. Nikamwonyesha alama za chaki. Akasema chaki hufutwa na mvua. Ni kweli, hufutwa na mvua. Nikainama nikaupapasa ule mguu pale ulipozama, kama mjinga.

"Wewe huwa hulii," akasema. "Hata ile wakati ulipigiwa simu ya kifo cha baba yako hukulia hapa. Leo unalia nini?"

Sikujua kama nalia.

Akaushika ufunguo pale shingoni, akaangalia darasa la Gredi ya Nne, akaangalia mawingu. "Mimi simwagi maji," akasema. "Lakini naweza kugawa."

Ndivyo ilivyokuwa. Alitoka njiani akaita kwa sauti ambayo hata Sirare, ng'ambo ya mpaka Tanzania, nadhani waliisikia, na haukupita muda akina mama wakaanza kuja, na mitungi, na karai, na sufuria, ngata zao mikononi. Niliapa kwamba hakuna atakayesimama chini ya tangi. Tukaleta mpira mrefu wa kumwagilia bustani ya shule, ili maji yachotwe mbali, huku kwenye mlingoti wa bendera. Lakini mtu alikuwa lazima aingie pale chini aufunge mpira kwenye mfereji na kufungua kufuli. Niliuchukua ufunguo. Ni hatua chache tu, na haki ya Mungu sijawahi kutembea safari ndefu kama ile. Juu yangu nilisikia stendi ikilia kidogo, kama kitanda mtu anapogeuka. Labda ni upepo. Kufuli likaniponyoka, nikaliokota kwenye tope.

Nilipofungua, maji yalitoka kwa kishindo hadi mpira ukaruka kama nyoka na kumlowesha mama mmoja kifua kizima. Vigelegele! Walidhani ni uzinduzi umeletwa mbele. Wengine sidhani hata walijua kwa nini wameitwa. Walichota, wakaimba, watoto wakacheza kwenye tope. Kadiri maji yalivyopungua tangini, yakapoteza ule ukali. Yalianza kuruka, yakaja kutiririka, mwishoni yakawa yanatoka kivivu. Awuor alikuwepo, akaniangalia, akasema kwa sauti, "Madam, kimo cha maji kimepungua, shinikizo limepungua!" Siku nyingine ningefurahi wiki nzima kwa sentensi hiyo.

Habari ya sababu ikasambaa polepole, na nyuso zikabadilika. Mama mmoja, kati ya waliotoa gorogoro nyingi kuliko wote, aliweka karai lake chini, akaenda kabla sijamzuia, akausukuma mguu wa stendi kwa mikono miwili. Haukutikisika.

"Hii?" akauliza. "Hii ndiyo ilikuwa ianguke?"

Walicheka. Si wote, lakini wa kutosha. Mwingine akasema kitu kwa Kidholuo ambacho sikukielewa, na Mama Akoth akamjibu kwa ukali ambao niliuelewa.

Hedi alifika tangi likiwa karibu tupu. Alikuwa na lile koti. Alisimama kwenye tope na viatu vyake vilivyong'aa, akatazama mstari wa akina mama unaoshuka kuelekea ufuoni, kila mmoja na maji ya uzinduzi kichwani.

"Maji yakimwagika hayazoleki, Mwalimu," akasema. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonichoma. "Kesho wazazi wakifika nifungue nini? Nifungue upepo?"

Nilimwambia nitasimama mimi mbele ya wazazi niwaeleze. Akauliza nitawaeleza nini, kwa kuwa mwenyewe nilimwambia sina uhakika. Nikasema hilo ndilo nitakalowaeleza. Akatikisa kichwa, akaenda zake. Alipofika getini alirudi, nikadhani anarudi kunimalizia. Kumbe alikwenda kuwaambia vijana wa hema wakalipige upande wa pili wa uwanja, mbali na tangi. Hakuniangalia.

Kisha nikapanda ngazi nikaligeuza lile bomba, mvua ya leo imwagike nje. Nikarudi nyumbani.

Sasa imeanza kunyesha. Si manyunyu, ni mvua yenyewe, inapiga mabati hadi siisikii redio ya jirani. Maji ya paa la shule nayaona yanamwagika bure uwanjani, na ninajua kila mama kwenye ule ufuo amekaa mlangoni kwake anayaona pia kwa akili yake. Tangi zima lingejaa tena usiku mmoja. Nimelitoa maji yote mbele ya watu waliouza samaki wao ili walinunue, na nimewarudisha kwenye ndoo.

Na stendi imesimama. Haijanyooka sana, lakini imesimama. Haina uzito tena, itaanguka kwa nini?

Hili ndilo linaloninyima kukaa. Kama nilikosea, nimewanyang'anya watu maji yao kwa woga wangu. Na kama sikukosea, hakuna atakayejua. Hata mimi sitajua. Kesho watoto wa Gredi ya Nne wataimba wote, hakuna atakayekosekana, na kutokukosekana kwao hakutaonekana na mtu yeyote. Watu hawampigii makofi mwalimu kwa kitu kisichotokea. Watamkumbuka tu yule Mkuria aliyemwaga maji ya omena zetu.

Nitasimama kesho. Nitachukua stuli na ubao na Awuor, na karai la maji, tutaonyesha mbele ya wazazi wote, aanguke tena wakitaka kucheka wacheke. Nitaomba simiti. Nikikataliwa nitaomba tena Jumanne.

Lakini hii ni shajara yangu, na humu sidanganyi. Nimetoka dirishani sasa hivi. Nilisimama pale muda mrefu, paji la uso kwenye kioo, nikisema kimoyomoyo, anguka. Anguka tu, uko mtupu, watu wako majumbani, hakuna utakayemuumiza. Anguka upande wa darasa, vunja hata dawati moja, waone. Mimi, niliyelia mchana ili lisianguke, nimesimama gizani naliombea lianguke.

Mungu anisamehe. Mvua imezidi, na bado limesimama.